Makosa katika Kazi ya Kuchonga Mti: Yapi Tuyapokee, Yapi Tuyakatae

(Hotuba iliyosomwa mjini Sumbawanga na mwanachama mchongaji mbele ya makatibu na wanachama wa vyama vya msingi. Tunaichapa kama alivyoisoma, kwa faida ya vyama ambavyo havikuweza kuleta wajumbe.)



Nilipoombwa kusema mbele yenu juu ya kazi ya kuchonga, nilidhani kwamba ninatakiwa kueleza namna ya kuchonga vizuri. Kumbe walionialika walikuwa na haja nyingine. Katika vyama vyenye vikundi vya wachongaji imezuka hoja ambayo imekwisha kuleta maneno, na mahali pengine imekwisha kuwatoa vijana katika chama. Hoja yenyewe ni hii: kitu kilichochongwa kwa mkono kikionekana kuwa na kasoro, chama kikipokee au kikikatae? Na kikipokewa, kiandikwe kwa bei gani? Makatibu wanasema hawana kipimo. Wachongaji wanasema wanaonewa. Wanunuzi nao wanasema wamedanganywa. Nimesikiliza pande zote tatu, na naona kila upande una haki yake kiasi fulani.

Mimi sina elimu kubwa ya darasani. Nimeshika tezo kwa zaidi ya miaka 40, nikichonga vinu, michi, miiko, ngoma na vigoda, na kwa muda fulani nilikuwa mwenyekiti wa kamati ya kupokea kazi za wachongaji katika chama chetu. Nitakayoyasema leo nimeyapata katika makosa yangu zaidi kuliko katika sifa zangu. Kwa hiyo naomba mnisikilize kama mtu anayetoa hesabu ya mali ya watu, wala si kama mwalimu.

KITU CHA MKONO HAKIKOSI ALAMA

Ndugu Wanachama, kijiko cha plastiki hutoka katika kalibu moja. Ukivipanga vijiko 100, cha kwanza na cha mwisho ni sawasawa. Mwiko wa mti hautoki katika kalibu. Hutoka katika tawi moja, lililoota mahali pamoja, likapigwa na upepo wa upande mmoja, likachongwa na mtu mmoja siku moja ambayo pengine aliamka na baridi mikononi. Ukiipanga miiko 10 ya fundi yule yule, hutaona miwili iliyo sawa kabisa. Mmoja una fundo kwenye mpini, mwingine una upande mnene kidogo, wa tatu una alama za tezo mgongoni.

Sasa, mtu anayekuja kwetu akitaka miiko 10 iliyo sawa kama vijiko vya plastiki, anatafuta kitu ambacho hatuna, na ambacho hatutaweza kukitengeneza kwa bei anayoiweza. Tukijaribu kumfuata tutashindwa, kwa kuwa kiwanda hakichoki wala hakitazami saa. Sisi tunacho kitu kingine: uimara, uwezekano wa kutengenezwa kikiharibika, na jina la mtu aliyekichonga. Hapo ndipo riziki yetu ilipo, hasa sisi wa Ufipa, ambao wanunuzi wetu wengi si watalii bali ni mama anayetwanga, mzee anayeketi, na wacheza ngoma.

Hata hivyo, maneno haya ni mepesi kuyageuza kuwa kinga ya uvivu. Nimewasikia baadhi ya wachongaji wakisema, “Hii ni kazi ya mkono, kasoro ni kawaida,” huku wakileta kinu kinachovuja unga. Ndiyo maana sikuja kuwaambia kwamba kasoro zote ni nzuri. Nimekuja kuwaeleza kwamba ziko za namna mbili, na kwamba chama kisichoweza kuzitenganisha kitapoteza wanunuzi kwa upande mmoja na mafundi kwa upande wa pili. Mimi mwenyewe nimekwisha kukipotezea chama changu pande zote mbili.

MAKOSA YANGU MAWILI

La kwanza lilitokea nilipokuwa kijana. Chama chetu kilipata agizo la vigoda 12 vya mninga kutoka kwa mnunuzi wa mji wa mbali. Tulikuwa wachongaji wanne, kila mtu vigoda vitatu. Siku mbili kabla ya lori kuondoka, niliona ufa katika kiti cha kigoda changu cha tatu, upana wake unene wa ukucha. Gogo lingine sikuwa nalo, wala siku za kuchonga upya hazikuwepo. Nikayeyusha nta, nikaichanganya na unga wa mbao, nikaujaza ufa, nikapiga msasa, kisha nikapaka dawa ya viatu. Kigoda kile kiling'aa kuliko vyote. Katibu alikipitishia kiganja akanisifu mbele ya wenzangu, nami nikanyamaza.

Ilikuwa wakati wa mvua. Ilipofika Julai, kiangazi kikiwa kimekolea, ile nta ililegea ikadondoka, na ufa ukapasuka hadi ukingoni. Mnunuzi hakurudisha kigoda kimoja; alirudisha vyote 12. Alisema kwamba ikiwa kimoja kimefichwa, hana mtu wa kumhakikishia vile 11 vingine. Nami nilipofikiri sikuona kosa katika maneno yake. Chama kililipa nauli ya kwenda na ya kurudi. Wenzangu watatu, ambao kazi yao ilikuwa safi kabisa, hawakupata malipo msimu ule. Mmoja wao alikuwa ameyahesabu malipo yale kwa ada ya shule ya mtoto wake, na mtoto yule alikaa nyumbani muhula mzima. Hilo silisahau.

La pili lilitokea miaka mingi baadaye, nami nimekwisha kuwa mwenyekiti wa kamati. Kwa ile aibu ya zamani nilikuwa nimekuwa mkali mno. Akaja kijana mmoja na kigoda alichokichonga kutoka katika gogo moja bila kiungo. Kiti kilikuwa na fundo jeusi karibu na ukingo, mguu mmoja ulikuwa mnene kidogo kuliko mingine, na chini kulionekana alama za tezo ambazo hazikupigwa msasa. Nilikigeuza mara moja tu. Nikasema mbele ya watu waliokuwapo, “Hizi ni kuni.” Yule kijana hakujibu neno. Alikichukua kigoda chake akaenda nacho nyumbani, na tangu siku hiyo hakuleta tena kazi katika chama. Baadaye nilisikia kwamba ameacha tezo na kwenda mbali kutafuta vibarua.

Miaka ikapita. Siku moja nilikwenda kwenye msiba katika kijiji chao. Nilipewa kigoda, nikakikalia tangu jioni hadi alfajiri. Kulipopambazuka nilikiinua ili nikisogeze juani, na pale niliona fundo lile jeusi karibu na ukingo. Nilikigeuza, alama za tezo zilikuwa pale pale. Mguu ule mnene ulikuwa umesimama imara, na kiti kilikuwa kimelainika kwa kukaliwa. Mama wa yule kijana alikuwa akinitazama. Akasema kwa upole, “Baba, hicho ndicho kile ulichokiita kuni.” Niliomba anipe bei nikinunue. Akanijibu kwamba hakiuzwi.

Ndugu Wanachama, pimeni wenyewe. Kigoda kilichong'aa kilikiaibisha chama, na kile kilichoitwa kuni kimebeba watu hadi leo. Katika mara zote mbili macho yangu yalitazama ngozi ya mti, yakaacha kutazama mti wenyewe.

WAFUA CHUMA WA UFIPA

Wahenga wa nchi hii ya Ufipa waliielewa tofauti hii kabla yetu. Wengi wenu mmeona mabaki ya malungu, yale matanuru marefu ya udongo waliyoyajenga kuyeyushia mawe ya chuma. Ilungu moja liliweza kusimama kwenda juu kiasi cha mita tatu, na lilivuta hewa lenyewe kwa matundu ya chini, bila mivukuto. Kazi hiyo ilikoma katika karne ya 20, baada ya chuma na majembe ya kigeni kuenea, lakini kuta zake bado zimesimama mahali pengi juu ya uwanda.

Jambo ninalotaka mlitazame ni hili. Chuma kilichotoka katika ilungu hakikuwa safi. Kilitoka kimechanganyika na taka, kizito huku na chepesi kule. Wafuaji hawakukitupa, wala hawakukipeleka hivyo hivyo kwa mkulima. Walikitia katika tanuru dogo la pili, wakakisafisha, kisha ndipo mhunzi akafua jembe, shoka au tezo. Maana yake ni kwamba kasoro ya hatua ya kwanza waliitarajia, na waliitengea tanuru lake. Fundi mwenye busara hashangai kuona taka. Huwa ameiandalia mahali. Ndipo nasi tunapokumbuka methali isemayo kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

MKONO WA KINYAGO ULIOVUNJIKA

Kutoka kwa wahunzi wetu naomba tuende kwa wachongaji wanaojulikana zaidi katika Tanzania, yaani Wamakonde. Wengi wao walihama kutoka uwanda wa Mueda, Msumbiji, wakaja kufanya kazi katika mashamba ya mkonge, na wengine wakafika Dar es Salaam wakichonga mpingo. Miongoni mwao alikuwako Samaki Likankoa, ambaye katika miaka ya 1950 alianzisha namna ya vinyago inayoitwa shetani: viumbe vyenye jicho moja, viungo vilivyopinda, na maumbo yasiyokuwa ya binadamu wala ya mnyama.

Mfanyabiashara Mohamed Peera, aliyekuwa akinunua vinyago vyake, alisimulia kwamba mwanzo wa mtindo ule ulikuwa ajali. Samaki alichonga mtu wa kawaida, na mkono wa kinyago ukavunjika. Kwa hesabu za kawaida, kazi ile ilikuwa imekwisha. Lakini kilichobaki hakikutupwa. Kiligeuzwa kuwa kiumbe ambacho hakikuhitaji mkono ule. Mtindo uliozaliwa hapo ukawafuatwa na wachongaji wengi, na leo vinyago vya shetani vimo katika makumbusho ya nchi nyingi.

Sikuleta kisa hiki ili kila mwiko unaovunjika uitwe shetani. Tazameni jinsi ilivyofanyika. Samaki hakuugundisha mkono ule kwa gundi na kuupaka rangi nyeusi ili mnunuzi asijue. Kasoro ilipokelewa waziwazi, ikawa sehemu ya kazi mpya, na mnunuzi aliinunua akiiona kwa macho yake. Kuna umbali mkubwa kati ya kuipokea kasoro na kuificha. Anayeificha anamwachia mtu mwingine mzigo wake, na mtu huyo hana habari.

Mpingo wenyewe una fundisho lake. Ni mti unaokua polepole sana. Husemwa kwamba huhitaji miaka 70 hadi 100 kufikia ukubwa wa kuvunwa. Shina lake mara nyingi limepinda, lina mashimo na nyufa ndani. Wanaotengeneza zumari za Ulaya, kama klarineti na obo, hutaka kipande kisicho na fundo wala ufa hata mdogo, kwa sababu ufa huharibu sauti; kwa hiyo sehemu kubwa ya gogo hukataliwa. Mchongaji wa Kimakonde hulichukua gogo lililopinda akafuata kupinda kwake, na pengine huacha ile sehemu nyeupe ya nje ionekane, ambayo pia ni ushahidi kwa mnunuzi kwamba mti huo ni mpingo wa kweli wala si mti mwingine uliopakwa dawa ya viatu. Basi ufa ule ule ni hasara kwa klarineti na si hasara kwa kinyago. Hatuwezi kusema kama kasoro ni kubwa au ndogo kabla hatujauliza kitu chenyewe ni cha kazi gani.

MTI UNA TABIA YAKE

Makatibu wengi wameniuliza, “Kwa nini kazi zinapasuka zikiwa ghalani?” Jibu linawapasa kulijua, maana lawama nyingi zinazotupwa kwa mkono wa fundi ni lawama za haraka ya chama.

Mti mbichi umejaa maji. Unapokauka hupungua, lakini haupungui sawa pande zote. Kupungua kwa kuzunguka duara la gogo hukaribia mara mbili ya kupungua kwa kuelekea kwenye kiini. Kwa sababu hiyo gogo zima lenye kiini chake katikati ni lazima livutane na nafsi yake, na mwisho hupasuka kutoka kiinini kwenda nje. Tena maji hutoka upesi zaidi kwenye ncha zilizokatwa kuliko ubavuni, na ndiyo sababu nyufa huanzia kwenye ncha.

Sisi huku juu tuna shida ya ziada. Mvua zetu huanza Novemba hivi na kwisha Aprili. Kisha huja miezi mirefu ya ukavu, pamoja na upepo na baridi ya Juni na Julai. Kazi iliyochongwa kwa mti mbichi wakati wa mvua huingia katika upepo huo kama mtoto asiye na nguo. Hivyo basi, magogo yapakwe nta au rangi kwenye ncha siku ile ile yanapokatwa. Yawekwe kivulini, juu ya vipande vya mbao ili hewa ipite chini. Kinu na ngoma zitobolewe mapema ili kiini kitoke, kisha ziachwe zikauke polepole kabla ya kumaliziwa. Na chama kisipokee agizo la haraka kuliko mti unavyoweza kukauka. Ukimlazimisha fundi kutoa kigoda kwa siku nne kutoka katika gogo la jana, ufa utakaotokea ni wenu nyote wawili.

Wenzetu wa Kenya wamelijifunza hili kwa njia yao. Uchongaji wa Wakamba unahusishwa na Mutisya Munge wa Wamunyu, ambaye alijifunza kazi hiyo hapa Tanganyika wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia akarudi nayo kwao. Mwaka 1963 wachongaji wa Kikamba wakaanzisha chama chao cha ushirika mjini Mombasa. Walichonga sana mpingo na muhugu hata miti hiyo ikaadimika, na katika miaka ya 1990 na 2000 wachongaji wengi wakahimizwa kutumia mwarobaini, mwembe na mjakaranda. Fundi anayebadili mti analazimika kurudi uanafunzi, kwa kuwa kila mti una namna yake ya kukauka na kupasuka. Nasi ambao mninga wetu unazidi kuwa mbali na ghali, tutafika huko. Siku hiyo vijana wetu watakosea sana. Chama kinachochoma kila kazi iliyokosewa kitakuwa kimechoma mti ambao ni haba, pamoja na somo lililokuwa ndani yake.

MASWALI MATATU

Sasa nafika kwenye kipimo mlichokiomba. Baada ya aibu zangu mbili nimejiwekea maswali matatu, nami nayatoa kwa makatibu na kamati zenu.

Swali la kwanza: kasoro hii itamdhuru mtumiaji? Kinu chenye ufa kitakoni kinamwaga unga wa mama, kikataliwe. Mwiko wenye vibanzi mdomoni unaumiza. Urudishwe ukapigwe msasa. Fundo lililokaa pale mguu wa kigoda unapobeba uzito linaweza kuvunjika likamwangusha mzee, kikataliwe. Wavuvi wa Ziwa Rukwa na Ziwa Tanganyika hawahitaji kufundishwa kwamba ufa wa mtumbwi si mapambo. Lakini fundo lililo ukingoni, ambalo halibebi uzito, halimdhuru mtu. Alama za tezo chini ya kigoda hazimdhuru mtu.

Swali la pili: kasoro hii itaendelea kukua? Alama ya tezo imekwisha, haitazidi kesho. Mguu mnene hautanenepa. Lakini ufa ulio hai, katika mti ambao haujakauka, unaendelea na safari. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kazi yenye ufa kama huo iwekwe kando hadi kiangazi kiipime, kisha itengenezwe.

Swali la tatu: kasoro hii imefichwa? Hapa msamaha usiwepo. Hata kasoro ndogo isiyodhuru, ikifichwa kwa nta na dawa ya viatu, imekuwa uongo, na uongo wa mmoja hulipwa na chama kizima. Mimi ninayesema haya ndiye niliyeulipisha.

Nisieleweke kwamba nakataza kutengeneza. Kutengeneza si kuficha. Mama zetu wamekuwa wakishona vibuyu vilivyopasuka kwa uzi tangu zamani, na mshono unaonekana, wala hakuna anayeona aibu kunywa humo. Japani wako mafundi wanaounga bakuli lililovunjika kwa gundi ya utomvu wa mti, wakaupamba mstari wa kiungo kwa unga wa dhahabu, ili kila mtu auone. Sisi dhahabu hatuna ya kupaka kwenye vinu, lakini tunaweza kuupigilia ufa uliokwisha kutulia kipande cha mti mgumu, kipana pande zote mbili na chembamba katikati, mfano wa kipepeo, ili kizuie pande hizo zisiachane. Ngoma au mpini waweza kufungwa ngozi mbichi, nayo ikikauka hukaza. Kazi kama hiyo iuzwe kwa jina lake: “kimetengenezwa.” Mnunuzi aamue mwenyewe.

DAFTARI LA KATIBU

Ndugu Makatibu, ninyi mnaijua kanuni hii kuliko sisi, ingawa mnaitumia mahali pengine. Katibu akikosea tarakimu katika daftari la fedha, anafanyaje? Hafuti kwa raba, wala hakwangui karatasi kwa wembe. Hupiga mstari mmoja juu ya tarakimu iliyokosewa ili iendelee kusomeka, huandika iliyo sahihi juu yake, na kutia sahihi yake. Mkaguzi akifika, akaliona daftari lenye mistari michache ya namna hiyo, hana wasiwasi. Akiliona ukurasa umekwanguliwa, hata kama hesabu ni sahihi, hapo ndipo anapovua miwani na kuuliza maswali.

Ninachokiomba ni kwamba kanuni mnayoitumia kwa wino itumike pia kwa mti. Kosa la mchongaji lionekane, lisahihishwe waziwazi, na libebe jina la aliyelisahihisha.

MAPENDEKEZO

Kwa hiyo naomba vyama vyenye vikundi vya wachongaji vijadili mambo haya matano.

Kwanza, kamati ya kupokea kazi iwe na madaraja matatu: safi, yenye alama isiyodhuru, na iliyotengenezwa. Daraja la pili lisikatwe bei ikiwa kazi ni imara. La tatu liwe na bei yake, na mnunuzi aelezwe sababu.

Pili, kila kazi ipewe alama ya mchongaji chini yake, na namba hiyo iandikwe katika daftari. Mtu anayejua kwamba jina lake liko chini ya kigoda hatajaza nta katika ufa.

Tatu, mwanachama anayesema mwenyewe, “Hapa nimekosea,” asitozwe faini wala asitahayarishwe. Akiogopa faini atanunua dawa ya viatu. Faini iwe kwa aliyeficha.

Nne, chama kiwe na rafu moja ya kazi zilizoharibika, zisichomwe. Wanafunzi wazishike, wazigeuze, waone ufa ulianzia wapi na tezo iliteleza wapi. Mimi nimejifunza zaidi katika kinu kimoja kilichopasuka kuliko katika vinu 10 vilivyokamilika.

Tano, kazi isikataliwe mbele ya watu kwa neno la dhihaka. Kamati imwite mchongaji kando, imwonyeshe mahali penye kasoro kwa kidole, na imwambie jinsi ya kuirekebisha. Fundi mmoja aliyefunzwa kwa miaka mitano anaweza kupotezwa kwa neno moja. Mimi nilimpoteza mmoja kwa maneno matatu.

Ndugu Mwenyekiti, nimefika mwisho. Sikusema kwamba tupende kazi mbovu. Nimesema kwamba mkono wa binadamu hukosea na mti nao hupasuka, na chama kilicho hai ni kile ambacho mwanachama wake anaweza kuleta kigoda mezani, akakigeuza yeye mwenyewe, na kusema, “Tazameni hapa kwanza,” kabla hajaulizwa. Siku hiyo mnunuzi wa mji wa mbali hatarudisha vigoda 12 kwa ajili ya kimoja.

Kuhusu yule kijana, nimemtumia salamu kupitia kwa mama yake, pamoja na ombi la msamaha. Hadi leo jibu halijafika, nami sina haki ya kulidai. Lakini katika chama chetu mahali pake pa kukaa bado papo, na tezo zipo. Kama katika vyama vyenu wako vijana walioondoka kwa namna ile ile, naomba msisubiri msiba ndipo muende kwao.